Sayari Kubwa Zisizotufaa Zimeumbwa kwa Nini?



Mtu akaaye upande wa Buluo, mbali kidogo na taa za mji wa Likasi, anaujua uzuri wa usiku wa kiangazi. Mawingu hakuna, na mbingu imejaa nyota kutoka ukingo hata ukingo. Mara nyingi miongoni mwao huonekana moja kubwa, nyeupe, yenye mwanga uliotulia, isiyometameta kama nyingine. Hiyo si nyota. Ni sayari, ndiyo kusema dunia nyingine inayolizunguka jua kama dunia yetu inavyolizunguka. Watu wa pwani waliiita Mshtarii.

Tuwaze basi mkatekumeni ameketi na katekista wake baada ya fundisho la Uumbaji. Anauliza: «Mwalimu, umetufundisha ya kuwa Mungu aliumba vitu vyote, na vyote ni vyema. Mahindi nayafahamu, maana yatupa bukari. Maji nayafahamu. Hata nyoka hula panya shambani. Lakini zile dunia za mbali, asikolima mtu wala asikozaliwa mtoto, zafaa nini?»

Swali hili si la kuchekwa. Tuliangalie polepole, kwa maana ndani yake limo swali jingine lililo zito zaidi.

Kwanza tujue habari za vitu vyenyewe. Dunia yetu ingekuwa punje moja ya karanga, Mshtarii ungekuwa kama boga dogo: upana wake ni mara 11 ya upana wa dunia, na ndani yake zingeweza kuingia dunia zaidi ya 1,300. Nje yake iko Zohali, iliyozungukwa na pete. Pete hizo si kitu kimoja kigumu kama bangili ya shaba. Ni vipande vya barafu visivyohesabika, vingine vidogo kama chembe ya mchanga, vingine vikubwa kama nyumba, na kila kimoja chashika njia yake kuizunguka sayari. Mbele zaidi ziko Urano na Neptuni. Sayari hizi nne hazina nchi kavu ambayo mtu aweza kuikanyaga. Tena zina miezi mingi: sisi tunao mwezi mmoja, lakini Zohali ilikuwa imehesabiwa miezi 274 katika mwaka 2025.

Kati ya Mars na Mshtarii yako mawe mengi mno, makubwa na madogo, yaitwayo asteroidi, nayo pia yanalizunguka jua. Ile ya kwanza ilionwa usiku wa tarehe 1 Januari 1801, katika mji wa Palermo, Italia. Na aliyeiona alikuwa padri, jina lake Giuseppe Piazzi, mtawa wa shirika la Wateatini. Akaiita Ceres. Basi mtu asiseme ya kuwa kuzichunguza nyota ni kumwacha Mungu. Ni kweli kwamba Galileo, aliyeiona miezi minne ya Mshtarii mwaka 1610, alihukumiwa na wakubwa wa Kanisa mwaka 1633. Lakini Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri mwaka 1992 kwamba waamuzi wale walikosea. Ukweli haupigani na ukweli.

Sasa turudi kwa swali. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha hivi: wema wa Mungu ni mkuu kupita kiasi, hata kiumbe kimoja peke yake hakiwezi kuuonyesha wote. Kwa hiyo Mungu aliumba viumbe vingi vya namna mbalimbali, ili kile kinachokosekana katika kimoja kionekane katika kingine. Basi chungu anaonyesha kidogo, na Zohali yaonyesha kidogo. Sayari hizi hazikuumbwa ili ziliwe wala ziuzwe. Zinamtukuza Muumba kwa kuwapo kwake tu. Nazo zinamfaa mtu kwa njia nyingine: akizitazama, anajifunza kumshangilia Mungu na kujinyenyekesha.

Lakini yule mkatekumeni aweza kujibu: «Mwalimu, watoto wangu wana njaa. Kushangaa hakujazi chungu.» Asema kweli, na Mkristu asimjibu kwa maneno matupu. Mwenye njaa apewe chakula kwanza. Walakini hata yeye na aangalie jambo hili: je, desturi ya kuuliza juu ya kila kitu «chanifaa nini?» itakoma kwenye vitu? Au siku moja itamgeukia yeye mwenyewe?

Tuna mfano karibu na nyumba zetu. Mwaka 1781 William Herschel, akiwa Uingereza, aliiona sayari ya Urano. Miaka 8 baadaye mtaalamu Klaproth wa Ujerumani aligundua madini mapya, akayapa jina la sayari hiyo: urani. Na mwaka 1915 madini hayo yalionekana Shinkolobwe, karibu na Likasi yetu. Hivyo jina la sayari ya mbali limelala ndani ya udongo wa kwetu.

Tazama jinsi watu walivyoyapima. Kwanza walitaka radi iliyokuwa ndani ya mawe yale, kwa ajili ya kutibu ugonjwa wa kansa. Urani yenyewe ilionekana haina thamani kubwa, yafaa kutia rangi vioo na vyombo vya udongo tu. Halafu vita vikaja. Mwaka 1940 mawe ya Shinkolobwe yakapelekwa Marekani kwa meli, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima ilitoka huko. Siku ile, tarehe 6 Agosti 1945, Kanisa lilikuwa likiadhimisha sikukuu ya Kugeuka Sura kwa Bwana, tukumbukapo mwanga uliong'aa mlimani. Mwanga wa Hiroshima uliua makumi ya maelfu ya watu, wazee, akina mama na watoto.

Je, jiwe lilikuwa na dhambi? Hapana. Jiwe lile lile liliponya na kuua. Je, mchimbaji alikuwa na hatia? Hakujua linakokwenda, na mtu hatendi dhambi kwa jambo asilolijua wala kulikubali. Dhambi haikai katika jiwe, hukaa katika moyo unaochagua. Na moyo uliozoea kuuliza faida tu huja kumtazama mtu kama unavyolitazama jiwe. Mwaka 2004 serikali iliwakataza wachimbaji kuchimba Shinkolobwe, na mwaka huo huo udongo uliporomoka huko, watu wakafa. Walikuwa wametafuta kobalti kwa mikono yao. Wapo wanaojua vizuri bei ya kobalti, lakini hawajapata kuuliza jina la aliyeichimba. Hili ndilo swali zito tulilosema: mtu asiyetufaa, au asiyetufaa tena, ana thamani gani?

Sikilizeni sasa jambo la ajabu lililotendeka huko huko kwenye Zohali. Chombo kiitwacho Cassini, kisicho na mtu ndani, kilifika huko mwaka 2004, kikaizunguka sayari ile miaka 13. Kiliona ya kuwa mwezi mmoja mdogo, jina lake Enceladus, una bahari ya maji chini ya barafu yake, na maji hayo hurushwa nje kupitia nyufa. Mafuta ya chombo yalipokaribia kwisha, wataalamu waliogopa kwamba kingeweza siku moja kuanguka juu ya mwezi ule na kuuchafua kwa vijidudu vya duniani. Basi tarehe 15 Septemba 2017 walikiongoza kiingie ndani ya Zohali kiteketee. Walikiharibu chombo cha thamani kubwa, wasije wakadhuru viumbe ambavyo hawajui kama viko.

Wapenzi, wataalamu wale walifanya vema. Lakini kitendo chao chatushitaki. Ikiwa mtu aweza kujizuia kwa ajili ya kijidudu ambacho labda hakipo, katika mwezi ulio mbali kuliko kilometa 1,000,000,000, yatupasa kujizuia mara ngapi kwa ajili ya jirani ambaye hakika yupo, ambaye kikohozi chake twakisikia usiku? Bei yake haikuandikwa na mnunuzi wa madini. Alikombolewa kwa Damu ya Yezu Kristu.

Huko Buluo liko gereza. Wafungwa waliomo hawalimi mashamba yetu, wala hawatuletei fedha. Kwa macho ya faida ni watu wasiofaa kitu. Lakini Bwana wetu alitangaza ya kuwa siku ya hukumu atatuuliza habari za mgonjwa na za mfungwa, na kwamba tulivyowatendea hao, tulimtendea Yeye. Hatatuuliza mtu yule alitufaa nini.

Basi, yule katekista amjibu mwanafunzi wake hivi: «Mwanangu, zile dunia za mbali zatufundisha kupenda kitu bila kukidai kitu. Ukiisha kujifunza hayo juu ya Zohali, uende ukayatende kwa bibi yako kipofu, na kwa mchimbaji aliyevunjika mguu, na kwa aliyefungwa.»

Tufanye hivi wiki hii. Usiku mmoja kila mmoja wetu atoke nje, aitazame mbingu kwa kitambo, asiombe kitu, ila amsifu Mungu tu. Kesho yake amtembelee mtu mmoja asiyeweza kumlipa. Mambo haya mawili ni sala moja. Na anayejiweka tayari kwa Ubatizo aanze kuisali sasa, maana Mungu naye alitupenda kabla hatujamfaa kitu.