Matandiko ya Kulalia: Halali Yake, Haramu Yake, na Haki ya Mke

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia viumbe vyake usingizi ili wapumzike. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Ndugu zangu Waislamu, mtu hulala kitandani karibu na thuluthi ya umri wake. Hapo ndipo apumzikapo, ndipo akaapo na mkewe, ndipo auguapo, na wengi wetu ndipo tutakapokata roho. Basi haimfalii Mwislamu kununua godoro na shuka kwa kufuata macho yake na maneno ya watu, asiulize sharia yasemaje. Nami nitaeleza mambo manne kwa ufupi.

La kwanza ni hariri. Katika Sahihi ya Bukhari, Hudhaifa bin al-Yaman amepokea ya kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kuvaa hariri na dibaji, na kuikalia pia. Kwa hiyo wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi'i wamesema ni haramu kwa mwanamume kuitumia kwa namna yoyote: kuivaa, kuitandika, kuiegemea au kujifunika. Mwanamke ni halali kwake kuivaa. Ama kuitandika, Imamu Rafii aliona ni haramu hata kwake, na Imamu Nawawi katika Minhaji akasahihisha ya kuwa ni halali. Basi mume asijidanganye kwa kusema, "Shuka hii ni ya mke wangu." Ruhusa ya mke si ruhusa ya mume, akiilalia ameitumia. Isipokuwa ikitandikwa juu yake nguo nyingine isiyo hariri, hapo hapana ubaya. Na nguo iliyochanganywa hutazamwa uzito wake: hariri ikizidi ni haramu kwa wanaume, ikipungua, au ikiwa sawasawa, ni halali.

Jua ya kuwa hariri iliyokatazwa ni ile itokayo kwa mdudu wake. Atlasi ni jina la ufumaji tu, na nyingi ya hizi zing'aazo madukani hutengenezwa kwa miti au kwa mafuta ya petroli. Hizo si hariri. Mwenye shaka na achome uzi mmoja. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Uzi wa miti hunuka kama karatasi. Na wa petroli huyeyuka ukaganda kuwa tone gumu.

La pili ni kiasi. Imamu Muslim amepokea kwa Jabir ya kuwa Mtume (S.A.W.) alihesabu tandiko la mume, na la mke, na la tatu la mgeni, na la nne akalinasibisha na Shetani. Wanavyuoni wameeleza maana yake kuwa ni lile lizidilo haja, likawekwa kwa fakhari. Mwenye watoto hakulaumiwa, kwani tumeamrishwa kuwatenga watoto malaloni wafikapo miaka kumi. Linalolaumiwa ni mito kumi juu ya kitanda cha watu wawili, na shuka zisizoguswa ila siku ya kuja watu kutazama.

Na hapa pana msiba katika miji yetu. Kijana ameposa, mahari yamekubaliwa, khalafu huletewa orodha: kitanda namna hii, magodoro mangapi, firashi na mapazia ya rangi moja. Hana, naye aona haya kusema hana. Ama huiahirisha ndoa mwaka baada ya mwaka, na fitina yamzunguka. Ama hukopa, akalala juu ya godoro laini na deni limemkalia kifuani. Enyi wazee, Mtume (S.A.W.) alipomtoa binti yake Fatuma kwa Ali, alimpa nguo nzito ya kujifunika, na kiriba cha maji, na mto wa ngozi uliojazwa majani ya idhkhiri. Ni nani kati yenu mwenye binti bora kuliko Fatuma? Na yeye mwenyewe Mtume godoro lake lilikuwa la ngozi lililojazwa nyuzi za mtende. Sayyidna Umar alimkuta juu ya mkeka umemwachia alama ubavuni, akalia kwa kukumbuka anasa za Kisra na Kaisari. Naye akamtuliza kwa kumkumbusha ya kuwa hao wana dunia, na sisi tuna akhera.

La tatu ni haki ya mke, ili bakhili asiyafanye maneno haya kuwa hoja yake. Katika Minhaji imetajwa ya kuwa mke ana haki kwa mumewe ya kitu cha kukalia, kama zulia au mkeka, na tandiko la kulalia, na mto, na cha kujifunika wakati wa baridi. Mwenye wasaa hutoa kwa wasaa wake, na mwenye dhiki kwa kadiri aliyopewa. Pamba, usufi, makumbi, kitani na sufi, vyote ni halali. Usufi ni mwepesi nao hauloi upesi, lakini hujikusanya. Yataka kuuanika na kuuchambua. Na chandarua nakihesabu katika mambo ya haja, kwani mbu huleta malaria. Anayevaa kanzu nzuri barazani, na mkewe alalia godoro lililochakaa, huyo amepamba pasipo pake.

La nne ni usafi. Tumefundishwa kulikung'uta tandiko kabla ya kulala, kwani mtu hajui kilichoingia baada yake. Na sisi tunawajua nge na tandu. Mkojo wa mtoto mwanamume asiyetimiza miaka miwili, naye hajala ila maziwa, hutosha kuunyunyizia maji yakaenea mahali pake. Wa mtoto mwanamke huoshwa. Khalafu anika godoro juani.

Ndugu zangu, tandiko letu la mwisho ni mchanga, na hapo hataulizwa mtu shuka zake zilikuwa za rangi gani, bali ataulizwa mali yake aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Ewe Mola wetu, turuzuku halali, utuepushe na deni na ria, uwasahilishie vijana wetu ndoa, na utupe mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.