Kikombe cha Mma Ramotswe

Shangazi aliinusa kwanza, akakirudisha kikombe mezani, akaniuliza: "Kwani unaumwa nini?"

Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimenunua pakiti ya rooibos katika duka moja la mjini, kwa bei ambayo ingetosha majani ya chai ya mwezi mzima, nikaichemsha kama tunavyochemsha chai nyumbani: sufuria, kipande cha tangawizi kilichopondwa, iliki mbili tatu. Ikatoka nyekundu, nzuri machoni. Lakini katika nyumba zetu jani lolote linalotiwa kwenye maji ya moto, na si jani la chai, huhesabiwa kuwa dawa. Mchaichai pekee ndio uliosamehewa. Basi nikajitetea kwamba hii ndiyo chai anayokunywa mama mmoja wa Botswana.

"Mnafahamiana?"

Nikakosa jibu. Mimi namfahamu sana. Yeye hayupo.

Mama huyo ni Precious Ramotswe, mpelelezi katika riwaya za Alexander McCall Smith, ambazo ya kwanza ilitoka mwaka 1998. Wenzake humwita Mma Ramotswe, na hilo "Mma" ni la heshima, kama sisi tunavyosema Bi au Mama. Ofisi yake ilianzia chini ya kilima cha Kgale, Gaborone, na mali yake ilikuwa ya kuhesabika: kigari cheupe, meza mbili, viti viwili, simu, taipureta kuukuu na buli. Vikombe vilikuwa vitatu, kimoja chake, kimoja cha karani wake, na cha tatu cha mteja. Nilipomaliza kitabu cha pili nilikuwa tayari nakitamani kinywaji ambacho sikuwahi kukiona. Hilo ndilo lililonishangaza baadaye, mbele ya shangazi. Mhusika wa riwaya hana ulimi. Mwandishi akijaza kurasa kumi kwa sifa za chai, msomaji hapati hata tone. Ule utamu nilioutamani niliutoa wapi?

Sikuwa wa kwanza kupatwa na haya. Kuanzia 1987 hadi 1994 televisheni ya Marekani ilionyesha Star Trek: The Next Generation, ambamo nahodha Jean-Luc Picard, aliyeigizwa na Patrick Stewart, alikuwa na kawaida ya kusimama mbele ya mashine ya ukutani na kuiamuru impe Earl Grey ya moto. Mashine ikamtolea, kikombe na chai yake. Earl Grey ni chai nyeusi iliyotiwa mafuta ya ganda la bergamot, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia. Harufu yake inakaribia manukato, na mtu aliyelelewa kwa chai ya maziwa anaweza kudhani kikombe hakikusuuzwa sabuni vizuri. Hata hivyo wako mashabiki wa nahodha walioinywa kwa kujilazimisha mpaka wakaizoea, na walipoizoea wakaipenda kweli. Jina lenyewe la chai hiyo ni la Charles Grey, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1830 hadi 1834, na visa vinavyosimuliwa kuhusu jinsi alivyoipata havina ushahidi. Shabiki anamwiga nahodha wa kubuniwa kwa kinywaji chenye jina la bwana ambaye mambo yake ya chai nayo yanaonekana kubuniwa.

Mtu atasema ni mapenzi tu: ukimpenda mtu, hata chakula chake unakipenda. Sikubali. Hercule Poirot wa Agatha Christie anapendwa na mamilioni, naye hunywa tisane, yaani maji ya majani yasiyo chai, na chai ya Waingereza haimvutii hata kidogo. Sijakutana na msomaji hata mmoja aliyeacha chai akahamia tisane kwa ajili ya Poirot. Masharubu yake wanayaiga, angalau kwenye sherehe. Kikombe wamemwachia mwenyewe.

Nadhani sababu ni kwamba Poirot hunywa kama mtu anayelinda tumbo lake. Picard hunywa huku meli nzima ikimsubiri aamue, na bado anayo nafasi ya kutaka chai yake iwe ya moto. Mma Ramotswe hunywa akiwa ameketi, mbele yake mtu aliyekuja na shida ya mume aliyepotea au mtoto asiyerudi, na hakuna saa ukutani inayomfukuza. Tunachokitamani kwao ni kile kiti. Jani ni nauli tu ya kutufikisha pale. Sisi tunaokunywa chai tumesimama, simu mkononi, konda akigonga bati la daladala, tunakwenda dukani kununua pakiti kwa sababu kukaa hakuuzwi.

Tena mwandishi hakulichagua jani hilo vibaya. Rooibos haitokani na mti wa chai. Ni kichaka cha jamii ya kunde. Vitawi vyake hukatwakatwa, vikapondwa, vikalundikwa vikiwa na unyevu mpaka viumuke na kuiva rangi, ndipo vikaanikwa juani. Haina kafeini, na ukiisahau ndani ya buli haiwi kali wala haikaushi mdomo kama chai yetu. Ni kinywaji kinachoweza kusubiri. Kazi ya mpelelezi yule ni kusubiri pia: mteja alie kwanza, anyamaze, aanze hadithi katikati, arudi mwanzo. Chai ya kawaida ingekuwa imeshachacha kabla mteja hajalitaja jina la mumewe.

Hapa pana jambo la kuchekesha, na kidogo la kuuma. Msomaji wa Edinburgh au Chicago anayekunywa rooibos ili aonje Botswana hanywi kitu kilichoota Botswana. Kichaka kile kwao ni Cederberg, milima ya magharibi mwa Afrika Kusini, na ujuzi wa kukitumia ni wa Wakhoi na Wasan, waliokuwa wakikivuna tangu zamani. Mwaka 2019 jamii hizo zilitia saini mkataba na wenye biashara hiyo, wapate asilimia 1.5 ya bei ya majani yanapotoka shambani. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ukalilinda jina lenyewe, lisibandikwe kwenye majani ya kwingine. Mma Ramotswe anajulikana duniani kuliko wavunaji hao wote, na hajawahi kushika panga. Simlaumu. Ila nilipojua hayo, kikombe changu kilipata watu wengine ndani yake, nao sikuwaalika mimi.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa Tanga, ana neno moja juu ya mambo haya: ladha ya kuazima si ladha. Nikamwuliza yake aliitoa wapi. Mashamba ya chai ya kwao Usambara yalianza na miche iliyopandwa Amani na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Iliki anayoisifu asili yake ni India. Hata mkandaa, jina ambalo watu wa pwani huipa chai isiyo na maziwa, limeazimwa kwa mti wa mikokoni ambao gome lake hutoa rangi nyekundu. Hakuna mtoto aliyezaliwa na kiu ya chai. Tuliinywa kwa sababu fulani aliinywa, nasi tulitaka kuwa karibu na fulani huyo.

Wangu alikuwa babu. Nakunywa chai yenye sukari kupita kiasi, daktari ananikemea, na kila mara najibu kwamba babu alikunywa hivyohivyo. Babu alifariki nikiwa na miaka mitano. Nikijichunguza kwa ukweli, ninachokikumbuka mwenyewe ni kofia yake na sauti ya kijiko kikigonga bilauri. Mengine yote ni ya mama: jinsi babu alivyokuwa akiketi barazani baada ya alasiri, jinsi alivyokataa chai iliyopoa, jinsi alivyomwambia mgeni maneno yake yangoje kikombe kiishe. Mama ni msimuliaji hodari, na wasimuliaji hodari huongeza chumvi. Sasa niambie, ewe msomaji: babu ninayemwiga kwa vijiko vinne vya sukari ana tofauti gani kubwa na mama wa Gaborone? Mmoja aliishi, najua, na tofauti hiyo ni nzito makaburini. Kwenye kikombe siioni. Wote wawili wamenifikia kwa maneno, na wote wawili wameketi.

Mara nyingine namwonea wivu msomaji wa Kiingereza. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla aliyetutokea katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alituachia kiko. Nakitambua kiko hicho popote, lakini sivuti.

Anayenisumbua zaidi ni karani wa Mma Ramotswe, Grace Makutsi, aliyehitimu ukarani kwa asilimia 97 na haachi kukutajia. Kwa muda mrefu alikunywa chai nyekundu ya bosi wake bila neno. Baadaye ikajulikana kwamba hakuipenda. Yeye alitaka chai ya kawaida tu, ila alimwonea haya Mma Ramotswe. Ndani ya riwaya ileile iliyotufanya maelfu tuifuate chai hiyo, kumbe yuko mmoja aliyekuwa akiifuata kama sisi, kwa heshima, kinywa chake kikikataa. Yeye alikuwa mezani, mimi niko umbali wa nchi kadhaa. Mimi naisifu.

Shangazi hakusubiri kuoneana haya. Aliinuka, akaimwaga ile ya kwake kwenye sinki, akabandika maji upya na kutia majani aliyoyazoea. Pakiti bado iko kabatini, imebaki nusu. Huinywa mimi peke yangu, bila tangawizi siku hizi, jioni, simu ikiwa chumba kingine.