NDOA NA ITANGAZWE KABLA YA KUFUNGWA



Baadhi ya watu walioingia Islam karibuni katika Musoma, Bunda na Butiama huuliza: Ikiwa nikahi hutimia kwa ijabu na kabuli, mbele ya walii na mashahidi wawili, ya nini tena kupeleka taarifa kwa msajili? Je, huku si kuongeza amri ya wanadamu juu ya amri ya Mwenyezi Mungu?

La, sivyo. Kurani Tukufu (4:60) yatuamuru kuwatii pia wenye mamlaka juu yetu. Na tutazame sheria yenyewe inataka nini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotungwa wakati Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, akiwa Rais, yawataka wachumba watoe taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla ya kuoana. Taarifa hiyo hutangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Mwanamume mwenye mke hutakiwa kumtaja. Naye sheikh afungishaye sharti awe na leseni.

Je, ni lipi hapo lipinganalo na Islam? Mtume Mtukufu (s.a.w.) alihimiza nikahi itangazwe. Na katika hotuba ya nikahi husomwa aya ituamuruyo kusema kauli iliyonyooka (33:71). Kwa nini aya ya usemi isomwe harusini? Kwa kuwa nyumba iliyojengwa juu ya neno la kupinda haisimami. Mtu aliyeacha mke Bunda, akaenda kuposa Musoma akijiita kapera, aweza kupata mashahidi wawili kwa urahisi. Akiogopacha ni tangazo. Islam imeruhusu wake hadi wanne kwa sharti la uadilifu, na uadilifu hauanzi kwa udanganyifu.

Pia siku hizo 21 ni ngao ya binti. Katika desturi zetu za Mara, ng'ombe hufika zizini kwa baba, na pengine binti ndiye wa mwisho kuulizwa. Lakini Khansa binti Khidham (r.a.) alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba baba yake amemwoza asipopenda, Mtume aliitangua nikahi ile. Nayo mahari, kwa mujibu wa Kurani Tukufu (4:5), ni haki ya mwanamke mwenyewe, wala si bei anayolipwa baba. Sheria nayo yataka hiari ya wote wawili. Na ile ruhusa ya kumwoza msichana wa miaka 15, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kuwa yapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019.

Basi, ndugu, kabla hujanunua mchele wa pilau, nenda na walii kwa sheikh wenu, mjaze fomu ya nikahi kwa ukweli, kisha mpeleke taarifa kwa msajili wa wilaya. Baada ya nikahi, chukueni cheti cha ndoa mkihifadhi. Siku mume atakapofariki, mjane asiye na cheti huenda akalazimika kuthibitisha mbele ya shemeji zake na mahakama kwamba alikuwa mke. Je, huyo umpendaye wataka kumwachia taabu hiyo?

Mwenye nia njema haogopi siku 21. Mwenyezi Mungu atujaalie kauli zilizonyooka na nyumba zenye amani. Amin.