Mashine Hupimwa, Mtu Huhukumiwa

Ndugu msomaji, nina swali ambalo limenikaa kichwani tangu mwaka 2019, na nimeona nililete hapa tulijadili pamoja. Swali lenyewe ni hili: kitu kinapogoma na hatujui sababu, je, tuna haki ya kumtaja mtu kabla hatujakipima kile kitu? Wengi mtasema swali hili jepesi, jibu ni hapana, tuendelee na mengine. Hata mimi ningejibu hivyo hivyo. Lakini kujibu ni kazi moja na kutenda ni kazi nyingine. Nitawaelezeni kisa changu, nacho ni kisa kidogo tu, cha pedi ya gemu.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ya kusimamia kibanda cha gemu huku kwetu Tandika, Dar es Salaam. Tulikuwa na mashine mbili za PlayStation 4, televisheni mbili na mabenchi. Watoto na vijana walilipa, wakacheza mpira, wakafungana, wakataniana, wakaenda zao. Pedi, yaani kile kidude cha kushika kwa mikono miwili chenye vitufe, hazikuwa na waya. Pedi hizo huzungumza na mashine hewani kwa njia ya Bluetooth.

Siku moja mtoto mmoja wa darasa la sita alifungwa goli dakika za mwisho. Kwa hasira akaipiga pedi kwenye goti lake. Niliona kwa macho yangu, nikamfokea, "We mtoto, hiyo mali ya watu!" Akaomba radhi, akaendelea kucheza mpaka mechi ikaisha. Pedi ilikuwa inakaribia kuisha chaji, nikaichomeka kwenye mashine ya pili ambayo wakati huo ilikuwa inawaka bila mteja. Baada ya nusu saa nikaizima ile mashine ya pili ukutani ili kuokoa umeme, nikairudisha pedi kwenye mashine ya kwanza. Nikabonyeza kitufe cha katikati. Taa ikapepesa nyeupe, ikapepesa, ikazimika. Nikabonyeza tena. Vilevile. Nikatafuta waya mwingine kwenye droo, nikaiunganisha na mashine. Ikawaka taa ya njano tu, basi, mchezo hausogei. Hapo ndipo nilipolikumbuka lile goti.

Sikuhitaji kingine. Nilimwita yule mtoto mbele ya wenzake nikamwambia ameua pedi. Akaapa kwamba hakuiua. Nikamwambia waongo wote huapa. Jioni nikaenda kwao, nikadai shilingi 20,000. Bibi yake anauza vitumbua. Hakubishana nami hata kidogo. Alifungua pindo la kanga, akahesabu noti zilizokunjika, nyingine akaenda kukopa kwa jirani, akanikabidhi huku akisema, "Baba, wewe ndiye unayevijua vitu hivi. Ukisema kavunja, basi kavunja." Usiku ule yule mtoto alichapwa.

Wiki mbili baadaye nikampelekea fundi simu ile pedi mbovu ili anunue vipuri. Akaniuliza, "Umejaribu waya gani?" Nikamwonyesha ule wa kwenye droo, uliokuja na tochi ya kuchaji. Akacheka. Akachukua waya wake, tukaenda naye kibandani, akaiunganisha pedi na mashine ya kwanza, akabonyeza kitufe. Taa ikawa ya bluu. Kazi nzima haikumaliza dakika moja.

Kumbe nini kilitokea? Nitaeleza, kwa maana hapa ndipo penye aibu yangu. Pedi ya aina ile hukumbuka mashine moja tu kwa wakati mmoja. Ukiichomeka kwa waya kwenye mashine nyingine, inaisahau ya kwanza na kuifuata hiyo mpya. Nilipoichaji kwenye mashine ya pili, niliihamisha mwenyewe. Kisha nikaizima mashine hiyo ukutani. Kwa hiyo nilipobonyeza kitufe, pedi ilikuwa inamwita mwenyewe mpya ambaye amezimwa, ndiyo maana taa ilipepesa ikazimika. Na ule waya wa tochi? Waya kamili wa USB wa aina ile una nyuzi nne ndani yake: mbili za umeme na mbili za data. Nyaya nyingine za bei rahisi zina zile mbili za umeme tu. Zinachaji, lakini hazipitishi habari. Pedi yangu ilikuwa inakula bila kusikia, nami nikasema imekufa.

Fundi yule alinifundisha mengine pia, na tangu hapo nimejizoesha kuyafuata. Pedi ikigoma, kwanza ichaji vya kutosha. Pili, zima mashine na pedi, uanze upya. Tatu, jiulize mara ya mwisho ilichomekwa wapi. Nne, badilisha waya, utumie ule unaopitisha data. Tano, kuna kitundu kidogo mgongoni mwa pedi, karibu na kitufe cha L2. Ingiza ncha ya pini, bonyeza kwa sekunde chache, kisha iunganishe tena. Sita, kama inaunganika halafu inakatika-katika, tazama mazingira. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na humo humo hupita Wi-Fi nyingi na oveni za maikrowevu. Ndiyo maana imeundwa iwe inaruka-ruka katika mikondo 79, hata mara 1,600 kwa sekunde, ili ikwepe kelele. Hata mwili wa mtu, kwa kuwa umejaa maji, hunywa mawimbi hayo. Mteja akisimama katikati ya pedi na mashine anaweza kuwa yeye ndiye ukuta.

Hesabu, ndugu msomaji. Hizo ni nafasi sita. Kidude cha plastiki kinapewa nafasi sita za kujitetea kabla hakijaitwa kibovu. Je, yule mtoto nilimpa ngapi? Hata moja. Kiapo chake nilikigeuza kuwa ushahidi dhidi yake. Na ushahidi uliokuwa upande wake, kwamba baada ya kuipiga gotini alicheza mpaka mwisho na pedi ikafanya kazi, niliuona lakini sikuutaka.

Nadhani kuna jambo katika vyombo hivi visivyo na waya linalotusukuma kwenye dhambi hii. PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1994, pedi zake zilikuwa na waya. Ikigoma ulifuata waya kwa vidole, ukapakuta palipokatika, ukapaonyesha. Ilipokuja PlayStation 3 mwaka 2006, pedi yake ilikuja ikiwa haina waya, na tangu hapo hakuna cha kufuata kwa vidole. Kosa limehamia hewani. Na sisi binadamu hatupendi mahali patupu. Pasipoonekana sababu tunaweka mtu. Zamani, mvua ikikosekana, alitafutwa kikongwe mwenye macho mekundu. Leo pedi ikigoma anatafutwa mtoto mwenye goti. Tofauti iko wapi?

Rafiki yangu mmoja nilipomsimulia alinitetea. Akasema, "Sasa we ulijuaje? Hukukusudia. Ulikosea kama mtu yeyote. Na kusema kweli yule dogo aliipiga pedi, ingeweza kufa kweli." Maneno haya ni matamu, na kwa miezi kadhaa niliyakubali. Aliyenitoa usingizini ni Mwingereza mmoja, W. K. Clifford, mtaalamu wa hisabati, aliyeandika mwaka 1877 insha juu ya maadili ya kuamini. Humo anamtaja mwenye meli aliyekuwa karibu kusafirisha wahamiaji katika meli kuukuu. Wasiwasi ulimjia, akaufukuza, akajiaminisha kwamba meli ni nzima kwani imeshasafiri mara nyingi. Ikazama. Clifford anasema huyo ana hatia ya vifo vile, hata kama aliamini kwa moyo wake wote, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo bila kukagua. Halafu anaongeza jambo lililonichoma zaidi: tuseme meli ingefika salama, hatia ingepungua? Hata kidogo.

Geuza sasa upande wangu. Tuseme yule mtoto kweli angekuwa ameivunja pedi. Je, ningekuwa mwenye haki? Nami nasema hapana. Ningekuwa nimebahatisha tu. Hukumu iliyotolewa bila kupima ni dhuluma hata ikiangukia mwenye kosa, kwa sababu ingeangukia vilevile asiye na kosa. Haki haiwezi kuwa bahati nasibu.

Yupo atakayesema: maisha yana haraka, wateja wanasubiri, hatuwezi kuchunguza kila jambo kama mahakama. Kweli. Sidai kwamba muuza vitumbua apime kila shilingi. Lakini naona wajibu wa kupima unaongezeka kadiri mtu alivyo na uwezo wa kuumiza. Kama ningeitupa pedi pembeni nikanyamaza, nisingedaiwa kitu. Nilipotaka kudai fedha, kumtia mtu aibu, kusababisha achapwe, hapo dakika tano za kubadilisha waya zilikuwa deni juu yangu. Na deni lilikuwa kubwa zaidi kwa vile yule bibi alikwisha kuniamini. Hakujua Bluetooth ni nini. Alinikabidhi akili yake pamoja na fedha zake. Mwenye kuaminiwa namna hiyo hana ruhusa ya kukisia. Na wahenga walikwisha kutuachia njia: kuuliza si ujinga. Ningemuuliza fundi siku ile ile, ningejua.

Nilirudisha zile shilingi 20,000. Niliona nitajisikia mwepesi. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazifunga kwenye pindo lile lile la kanga. Kisha akanitazama akasema, "Hela nimepata, baba. Na zile fimbo nilizompiga, mie nazirudisha vipi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mtoto mwenyewe aliwahi kuja kibandani mara mbili tatu. Nilimwambia acheze bure. Alisimama mlangoni akitazama wenzake, mikono kaiweka mgongoni, asije akagusa kitu.

Kwa hiyo nakurudishia swali, ndugu msomaji, nawe una kibanda chako mahali fulani: ni baba, ni mwalimu, ni bosi, ni kaka mkubwa. Kitu kitagoma mbele yako, pengine leo hii. Mtu atakuwa karibu nacho, na goti lake utaliona. Je, utaanza na waya, au utaanza na mtoto?