Kuishika Amani Yako



Juzi niliingia maktaba kutafuta kitabu cha falsafa, nikajikuta nimeshika Biblia ya zamani ya Kiingereza, ile ya Douay-Rheims. Agano Jipya lake lilichapwa Rheims, Ufaransa, mwaka 1582, na Wakatoliki wa Kiingereza waliokuwa ukimbizini. Lugha yake, jamani, si ile tuliyofundishwa darasani! Nikafika Mathayo 26:63, Yesu anashtakiwa mbele ya kuhani mkuu, nikakwama. Sisi tunasema tu kwamba alinyamaza. Wao walitumia msemo wa kizamani, "hold one's peace". Ukiuchukua neno kwa neno, ni kuishika amani yako.

Kiingereza cha zamani kina maneno mengi ya ukimya. "Mum" ni mlio tu wa mtu aliyebana midomo: mmm. "Whist" lilikuwa la kunyamazisha watu, kama tunavyosema "shii!". Na "tacenda", lililotoka Kilatini, ni mambo yasiyopaswa kusemwa. Kumbe ukimya si wa aina moja. Mmoja anabana midomo tu, mwingine amenyamazishwa, mwingine ananyamaza kwa sababu kuna kitu anakilinda.

Niwaambie kwa nini nilikwama. Mwaka wa kwanza wa malezi, frateri mwenzangu aliniambia kwa siri kwamba anafikiria kuondoka. Alikuwa bado anasali, bado hajaamua. Mimi nikawaambia wawili, eti "tumwombee". Nia nzuri kabisa, si ndiyo? Kabla ya chakula cha jioni bwalo zima lilikuwa linajua. Baada ya siku tatu mama yake akapigiwa simu na mtu wa parokiani akimuuliza kulikoni. Mama mzazi akasikia habari ya mwanawe kutoka kwa jirani.

Sikusema uongo hata neno moja. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Lakini amani ile haikuwa yangu kuiachia. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile niliuvalisha hadi nguo za sala. Wangapi kati yetu tunafanya hivyo kwenye magrupu ya WhatsApp? "Tumkumbuke fulani, ana matatizo ya ndoa." Hiyo ni sala, au ni umbea uliovaa rozari?

Lakini tusikosee. Yesu alinyamaza walipomsingizia yeye. Katika mstari unaofuata, alipoulizwa kama yeye ndiye Kristo, alijibu, akijua jibu lile litamgharimu uhai. Na yule mwanamke wa Yohane 8 hakumwacha apigwe mawe, alisema neno. Kwa hiyo ukiona mdogo wako anaonewa, au mtoto anaumizwa, ukakaa kimya ili usijiletee shida, hapo hujaishika amani. Umebana midomo tu. Jiulize: ukimya wangu unamlinda nani? Ukiwa unanilinda mimi peke yangu, una walakini. Ukiwa unalinda heshima ya mwenzangu, hapo unafanana na wa Bwana.

Kuna neno jingine la kizamani, "shrift". Maana yake ni kuungama kwa padre na kupata ondoleo. Nilikwenda kuungama kosa lile. Nilipokuwa nimepiga magoti ndipo likanichoma: mimi niliyeshindwa kutunza siri ya rafiki kwa nusu siku, nimepokelewa na Mungu ndani ya siri isiyovunjika. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 983, inasema siri ya kitubio haiguswi, na padre haruhusiwi kumsaliti muungamaji kwa neno, kwa namna yoyote wala kwa sababu yoyote. Nilitunziwa kile nilichoshindwa kumtunzia mwenzangu.

Kisha nilimtafuta nikamwomba msamaha. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Frateri, ungeniombea tu. Mungu alikuwa anajua jina langu."

Wiki hii, kabla hujabonyeza kutuma, simama kidogo. Kama ni la kumwokoa mtu, sema, tena kwa anayeweza kusaidia. Kama si hivyo, mpelekee Mungu, ukomee hapo.

Ee Bwana, uliyenyamaza kwa upendo na ukasema kwa upendo, weka mlinzi mdomoni mwetu. Amina.

Tuombeane.