Je, Tabibu Aweza Kulia?

Wako watu wasemao ya kuwa aliyejitoa kuwatumikia wagonjwa hana budi kuwa na moyo mgumu, na akilegea, basi wito wake haukuwa wa kweli. Neno hili husemwa hata katika sharika zetu, nalo hudhaniwa kuwa ni la heshima. Mimi naliona kuwa la ukatili, ijapokuwa msemaji hakukusudia.

Na tuutazame mji wa New York, huko Marekani, mwaka 2020. Mwezi wa Machi na wa Aprili ugonjwa wa korona uliushika mji kwa nguvu, hata maiti wakawekwa katika magari ya baridi, maana vyumba vyao havikutosha. Kila siku saa 1 jioni watu walisimama madirishani, wakapiga makofi na kugonga masufuria, ili kuwashukuru matabibu na wauguzi. Waliitwa mashujaa. Lakini ndani ya hospitali jamaa walikatazwa kuingia, basi mwuguzi ndiye aliyeshika simu karibu na sikio la mtu anayekata roho, ili mkewe au mwanawe apate kumwaga. Akiisha, aliitwa kwenye kitanda cha pili. Huzuni ile aliiweka wapi? Si msiba wake, kwa hiyo hakupewa pole. Wala si kosa lake, lakini usiku ilimhukumu kama kosa.

Tabibu mmoja, Lorna Breen, alikuwa mkuu wa idara ya dharura katika hospitali mojawapo ya mji ule. Aliugua korona mwenyewe, akarudi kazini, akazidiwa. Tarehe 26 Aprili 2020 alijitoa uhai, akiwa na umri wa miaka 49. Chanzo cha kifo cha namna hii si kimoja, wala si kazi yetu kukihukumu. Lakini jamaa zake walieleza ya kuwa aliogopa kupoteza leseni yake ikijulikana kwamba ametafuta matibabu ya namna hiyo. Nayo hofu hiyo haikuwa ndoto: katika majimbo mengi ya nchi ile, aombaye leseni ya utabibu aliulizwa kama amepata kuugua akili. Basi dirishani alipigiwa makofi, na mezani akawekewa swali la kumfunga kinywa! Tarehe 18 Machi 2022 ilitiwa sahihi sheria yenye jina lake, ili watumishi wa afya wasaidiwe katika taabu hizo.

Sisi Walutheri jambo hili lisitushangaze. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, chuo kilihamishwa, lakini Luther akabaki, akapokea wagonjwa nyumbani mwake, akaandika kwamba wanaohitajiwa na wagonjwa wasiwakimbie. Mwaka ule ule roho yake ilizama katika huzuni nzito, wala hakuificha. Aliwaandikia rafiki zake wamwombee. Aliyewahimiza wengine wakae ndiye aliyekiri kuwa amelemewa.

Pengine mtu atauliza, Mganga akilia, mgonjwa atatumaini nini? Hakuna asemaye alie kando ya kitanda. Yampasa apewe zamu isiyopita nguvu zake, na siku ya kulala, na mtu wa kumsikiliza. Na msikilizaji huyo asiwe mkubwa wake wa kazi, maana nani atamfunulia moyo yule awezaye kumwandikia barua ya kumwachisha?