Tengeneza Mlango Kabla ya Usiku

Wapendwa wa Namatala, wa Malukhu na wa kila mtaa wa Industrial Division hapa Mbale, fungu letu ni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Humo Musa anamwagiza kila ajengaye nyumba mpya aweke kizuizi ukingoni mwa dari, ili mtu akianguka, lawama ya damu isimkute mwenye nyumba.

Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari bapa. Watu walilala juu wakati wa joto, wakaanika kitani, wakaongea na majirani. Dari zetu ni mabati. Hakuna alalaye juu yake. Hatari yetu iko mlangoni.

Angalieni sheria ile inamshika nani. Aliyeanguka haulizwi kwa nini hakutazama anapokanyaga. Anayeulizwa ni mwenye nyumba, ambaye hakumsukuma mtu yeyote. Alijua watu watapita pale, akapaacha vilevile. Mbele za Mungu hilo lina jina, na jina lake ni damu.

Sasa njooni tusimame mbele ya mlango mmoja wa mizigo, vyumba vyetu vya kupanga. Ni wa bati zito, umechomelewa kando ya barabara. Bawaba ya juu imelika, mlango umelalia upande wa komeo, nao unakwaruza saruji hadi umechora nusu duara sakafuni. Ili komeo litoke tunduni, lazima uuinue mlango kwa goti huku ukiusukuma kwa bega. Mama wa chumba hicho anaijua hila yake. Mtoto wake wa miaka sita haijui, wala nguvu hizo hana. Dirisha lina nondo zilizochomelewa pande zote nne. Ndani mna sigiri, tadooba na godoro la sponji. Mama akizimia usiku, nani atafungua?

Mnanijibu, “Tumeuzoea.” Ole wetu kwa mazoea hayo! Mlango unaogoma asubuhi, wewe ukiwa umetulia na mwanga upo, utagoma zaidi usiku wa moshi, mikono ikitetemeka.

Nanyi watu wa Mbale hamhitaji kufundishwa usiku ulivyo. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022, mto Nabuyonga na mto Namatala ilivunja kingo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Basi pimeni wenyewe. Mlango wa upana wa sentimita 80 ufungukao kwa nje, maji yakisimama nje nusu mita kabla hayajajaa ndani, unabanwa na uzito wa karibu kilo 100. Mlango mzima ni kazi kuusukuma. Ule uliokwama utasukumwa na nani?

Na mlango uliofungwa kwa nje? Aprili 2008, bweni la wasichana la shule ya msingi ya Budo liliungua usiku milango ikiwa imefungwa, na watoto wetu wakateketea humo. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, huko Kenya, wavulana 67 walikufa bwenini kwa moto. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli, madirisha yalikuwa na nondo. Tulilia, tukazika, kisha tukarudi nyumbani. Na kesho yake alfajiri tukawafungia watoto kwa kufuli nje, tukaenda sokoni na ufunguo mfukoni! Mama, najua huna wa kumwachia mtoto. Mpe jirani ufunguo wa pili leo, kabla hujatoka.

Mtu ataniuliza, “Na wezi je?” Swali la haki. Sikiliza. Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois uliungua huko Chicago, wakafa zaidi ya watu 600, wengi wakiwa wamebanwa kwenye milango iliyofungwa au yenye makomeo wasiyoyajua. Carl Prinzler, muuzaji wa vifaa vya chuma, alikuwa amekusudia kuwamo siku ile, akakosa kwenda. Msiba ule ulimkaa moyoni. Yeye na mhandisi Henry DuPont wakatafuta njia, na mwaka 1908 komeo lao likatoka: kwa nje limefungwa kabisa, kwa ndani ukilisukuma tu linaachia. Mwizi amezuiwa, aliye ndani ametoka. Haya mawili hayagombani, ila tumekubali uvivu uyagombanishe.

Mwingine atasema, “Mungu atatulinda.” Amina, anaweza. Kule Filipi alitikisa gereza na milango yote ikafunguka. Lakini Paulo na Sila walifungiwa na maadui zao. Wewe unajifungia mwenyewe, na hela ya bawaba unayo. Usimdai Mungu tetemeko la ardhi kwa kazi ya fundi ya asubuhi moja.

Mwenye nyumba, unayekuja kila mwisho wa mwezi kuchukua kodi, gusa milango kabla ya kugusa pesa. Usimwambie mpangaji ni juu yake, kwa maana Musa alikutaja wewe. Mpangaji, usinyamaze ukingoja. Sema, na asiposikia, mpeleke kwa mwenyekiti wa LC1. Fundi wa kuchomelea, usikabidhi dirisha la nondo lisilo na upande mmoja wa kufunguka kwa ndani, hata mteja akikubembeleza akitaka nafuu ya bei. Jina lako limo katika chuma hicho.

Na leo hii, kila mmoja afanye hivi. Zima taa, funga mlango, mwite mtoto mkubwa wa nyumba umwambie, “Tufungulie.” Usimsaidie. Akishindwa, umejua kazi yako ya kesho. Tia mafuta bawaba, panua tundu la komeo, tundika ufunguo karibu na mlango mahali mtoto anapofikia, sogeza gunia na jeri kani zinazoziba njia. Usiseme mwezi ujao. Mwezi ujao utakapoulizwa, utakuwa na jibu gani? Inuka, umwite fundi.

Amina.